Nilipie mpango wa matengenezo ya nyumba kila mwaka, au fedha nizitunze mwenyewe?

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Sahare hapa Tanga, nyumba ya vyumba vinne tuliyomaliza kuijenga 2013. Ukikaa barazani bahari unaisikia. Mwanangu yuko Houston, Marekani. Alinunua nyumba ya zamani huko na kila mwaka analipia mpango wa matengenezo: kitu kikiharibika anapiga simu, fundi anakuja. Sasa kuna kampuni imeniletea mpango kama huo, Sh 780,000 kwa mwaka na Sh 25,000 kila fundi anapokuja. Wanasema unahusu viyoyozi viwili, friji, mota ya maji, hita ya bafuni, mabomba na umeme wa ndani. Nimechoka kukimbizana na mafundi, na mwanangu yuko tayari kunilipia. Wakala anasema bei hii mwisho wake ni mwisho wa mwezi. Nimekutumia mkataba pamoja na kurasa za daftari langu la matumizi ya nyumba, 2022 hadi 2024. Nisaini?

Jibu

Mwalimu, shikamoo. Usisaini, angalau si mkataba huu ulionitumia. Sababu nimezitoa kwenye daftari lako mwenyewe. Kazi yetu ya ukadiriaji majenzi, yaani kukadiria gharama za ujenzi na matengenezo, ingekuwa nyepesi sana kama kila mwenye nyumba angeandika alichotengeneza, lini, na kwa shilingi ngapi.

Nianze na mwanao, maana yeye hakukosea. Mipango hii ni ya Kimarekani hasa. American Home Shield, mojawapo ya kampuni zake za mwanzo, ilianzishwa 1971. Watu huichanganya na bima ya nyumba, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Bima hulipa janga: moto, dhoruba, wizi. Mpango wa matengenezo hulipa uchakavu, yaani kifaa kimefanya kazi miaka yake, kikachoka, kikasimama. Mteja wa kule kwa kawaida hutoa kati ya dola 400 na 800 kwa mwaka, na fundi akija analipa tena ada ya dola 75, 100, hata 125. Mara nyingi mwaka wa kwanza analipa muuzaji wa nyumba, ili mnunuzi asije akamrudia mwezi wa pili kulalamika kwamba mtambo wa kupoza hewa umekufa.

Mwanao alinunua nyumba ya mtu mwingine. Hajui mtambo ule ulihudumiwa vipi, wala hita ya maji ilifungwa na nani. Houston kuna joto na unyevu ambao mtu wa Tanga angeuzoea siku ya kwanza, na nyumba nzima hutegemea mtambo mmoja mkubwa; ukifa, kuubadilisha ni maelfu ya dola kwa mkupuo. Mtu mwenye mkopo wa nyumba na watoto shuleni anaweza kuona ni afadhali alipe kidogo kila mwaka kuliko kushtuliwa siku moja. Hata hivyo, huko huko wako wengi wanaolalamika. Kampuni hukataa dai kwa kusema hitilafu ilikuwepo kabla ya mkataba, au kifaa hakikufanyiwa sevisi, au kilifungwa vibaya. Kampuni ndiyo inayochagua fundi, na ndiyo inayoamua kama kifaa kinatengenezwa au kinabadilishwa. Katika jimbo la California mikataba hii imewekwa chini ya idara ya bima ya jimbo. Kwa hiyo mwanao ana mahali pa kushtaki. Wewe nitakueleza baadaye una mahali gani.

Wewe nyumba yako unaijua tangu msingi. Hiyo peke yake inapunguza nusu ya sababu ya kununua mpango.

Halafu iko bei ya mkono wa fundi. Kule kinachouma ni saa za fundi. Fundi bomba kukanyaga tu mlangoni kwako ni fedha ambayo huku ingemlipa kibarua siku nyingi. Mpango unaokuondolea ufundi unakuondolea mzigo wenyewe. Tanga mambo yamegeuka: ufundi ni sehemu ndogo, spea ndiyo inayoua. Itazame risiti yako ya friji ya 2023. Jumla ni Sh 310,000, na fundi amechukua 60,000. Zote zilizobaki ni kompresa na gesi. Sasa fungua ukurasa wa pili wa mkataba, kifungu cha 4. Kampuni itagharamia ufundi wote, na vipuri hadi Sh 150,000 kwa tukio moja, visizidi Sh 600,000 kwa mwaka mzima. Umelipa 780,000 ili upewe vipuri visivyozidi 600,000, tena iwe ni mwaka ambao nyumba imeharibika kila kona. Kilichobaki ni ufundi, na ufundi wa hapa umekwisha kuuona bei yake.

Twende kwenye daftari sasa. 2022 ulitumia Sh 245,000: sevisi ya viyoyozi viwili 80,000, kusuka mota ya maji 120,000, bomba la jikoni 45,000. 2023 ulitumia 650,000: kompresa ya friji 310,000 baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, paa lililovuja 260,000, sevisi tena 80,000. 2024 ni 580,000: koili ya nje ya kiyoyozi cha sebuleni iliyooza 380,000, elementi ya hita 65,000, soketi na swichi 55,000, na sevisi 80,000. Miaka mitatu, Sh 1,475,000. Kwa muda huo huo mpango ungekugharimu 2,340,000 kabla hujamlipa fundi hata senti ya kuja.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini angalau hiyo 1,475,000 ingebebwa na kampuni. Isingebebwa, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Sevisi, jumla 240,000, haimo. Tena ni sharti: usipofanya sevisi kwa gharama yako na kutunza risiti, kiyoyozi kinatoka kwenye mkataba. Paa halimo kabisa kwenye orodha, kwa hiyo 260,000 ni zako. Kompresa inatolewa na kifungu cha 7(b), "uharibifu utokanao na kupanda, kushuka au kukatika kwa umeme". Koili inatolewa na 7(d), "kutu na athari nyingine za mazingira ya bahari". Zinabaki mota, bomba, elementi na soketi, jumla Sh 285,000. Toa ada ya fundi kuja mara nne, 100,000. Faida yako kwa miaka mitatu ni Sh 185,000, kwa malipo ya 2,340,000. Hata hiyo mota ya maji nina wasiwasi nayo, kwa sababu umeandika pembeni "iliungua, simtanki la chini lilikuwa tupu", na kifungu cha 7(f) kinasema habari za matumizi yasiyo sahihi.

Soma tena 7(d), Mwalimu. Kampuni imekuja Sahare, mtaa ambao upepo wa bahari unapiga mchana na usiku, ikaandika mkataba usiohusika na bahari. Sitasema wamefanya hila. Aliyeuandika anajua anachokifanya, na ningekuwa mimi ndiye mwenye kampuni ningeandika hivyo hivyo, kwa kuwa chumvi ndiyo inayovunja vitu vya mji huu na hakuna hesabu ya 780,000 inayoweza kuihimili.

Kwenye kiyoyozi chumvi inafanya kazi hivi. Koili ya nje ni mabomba ya shaba yaliyovalishwa mapezi membamba ya alumini. Shaba na alumini zikigusana palipo na maji ya chumvi, alumini huliwa. Unaona kwanza unga mweupe, halafu mapezi yanamong'onyoka ukiyagusa kwa kidole, halafu joto halitoki tena vizuri, kompresa inafanya kazi kupita kiasi, bili ya umeme inapanda, na mwisho gesi inavuja. Kutoka unga mweupe hadi gesi kuvuja inaweza kupita miaka, na katika miaka hiyo yote dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi. Kila wiki mbili, mashine ikiwa imezimwa kwenye swichi yake kuu, elekeza mpira wa bustani kwenye koili ya nje, maji ya kasi ndogo ili usiyalaze mapezi. Maji ya Tanga-UWASA, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanafaa. Maji ya kisima cha karibu na ufuko usiyatumie hata kama ni ya bure, utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Na siku utakaponunua kiyoyozi kipya, muulize muuzaji kama koili ya nje imepakwa ile rangi ya kinga, ya buluu au ya dhahabu. Inaongeza bei kidogo, na kwa nyumba ya Sahare au Raskazoni mimi huihesabu kama sehemu ya bei ya mashine.

Umeme ndio adui wa pili, na wao pia wamemtoa. Huduma yetu ya kawaida ya nyumbani ni volti 230. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ikikatika kwenye nguzo ya njia tatu, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku jirani akipata taa za rangi ya chungwa. Friji haisubiri kuulizwa. Weka kilinda friji, kile kinachozuia umeme usiingie mara tu unaporudi na kusubiri dakika chache utulie, na viyoyozi uviwekee stabilaiza inayolingana na ukubwa wake. Jambo jingine ambalo halionekani na watu hulisahau ni fimbo ya arthi iliyozikwa nje ya ukuta. Udongo wa pwani una chumvi. Baada ya miaka kumi na kitu fimbo hiyo huenda imeliwa na klipu yake imekatika. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, aipime kwa kifaa, asikutazamie kwa macho. Na ikitokea tena kama 2023, toa taarifa TANESCO siku hiyo hiyo, uchukue namba ya taarifa, upige picha, umwombe fundi aandike chanzo cha kuungua. Ukiwa na karatasi hizo, ukakataliwa, unaweza kwenda EWURA. Bila karatasi ni maneno matupu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye mpango huu, hakimo kwenye bima, na hukuniuliza: nondo. Nyumba iliyojengwa karibu na bahari, chumvi hupenya zege pole pole hadi ikafika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hupasua zege kutoka ndani. Tembea kwenye baraza lako asubuhi moja ukitazama nguzo na linta za upande wa baharini. Ukiona ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo, au doa la kahawia linalorudi kila ukipaka rangi, niite mimi au mhandisi yeyote kabla ya mchoraji rangi. Kurekebisha mapema ni kazi ya saruji na siku chache. Kungoja ni kubomoa.

Turudi kwenye mkataba. Vifungu vingine nitavipita haraka. Siku 30 za kwanza huna haki ya kudai, ni kawaida ya mipango hii kila mahali. Hitilafu zilizokuwepo hazilipwi, na kwa nyumba ya 2013 kila kitu kinaweza kuitwa kilichokuwepo, isipokuwa wakague na kusaini orodha ya hali ya vifaa siku ya kwanza. Mkataba wako hauna orodha hiyo. Kipuri kisipopatikana nchini kampuni "itaamua utaratibu mwingine". Utaratibu gani, haujaandikwa.

Kwa nini hata kampuni yenye nia safi haiwezi kukupa zaidi? Katika 780,000 yako kuna kamisheni ya wakala, kodi, ofisi, pikipiki ya fundi, na faida yao. Kinachobaki ndicho kinachonunua spea za wateja wote. Kwa hiyo mteja wa wastani lazima apokee pungufu ya alicholipa, la sivyo kampuni inafungwa. Bima nayo iko hivyo hivyo, lakini bima tunaikubali kwa sababu nyumba ikiungua mtu hana pa kuanzia tena. Mota ya maji ikiungua, hujafilisika. Utakasirika siku mbili, utaoga kwa ndoo, utasuka mota.

Wapo ninaowashauri walipie. Mtu aliye Muscat au Dar es Salaam, nyumba yake ipo Tanga na anakaa humo mama mzee peke yake, anahitaji namba moja ya kupiga simu. Anachonunua ni kutosumbuliwa, na kutosumbuliwa kuna thamani. Mwenye nyumba ya wageni Raskazoni mwenye viyoyozi kumi, mgeni akilalamika usiku hasara ni ya papo hapo. Huyo afunge mkataba wa sevisi na kampuni ya viyoyozi yenye mafundi mjini hapa, kwa bei ya kila mashine, na muda wa kufika uandikwe kwa saa. Mkataba wa sevisi ni jambo jingine: unalipia kazi inayofanyika kwa ratiba, iharibike isiharibike, kwa hiyo unajua ulichonunua.

Najua uliandika umechoka kukimbizana na mafundi. Hilo nalichukua kwa uzito kuliko hesabu zote hizi, maana ndilo linalouza mipango hii. Fundi anasema "kesho asubuhi", asubuhi ya Tanga nayo ina tafsiri zake. Lakini kampuni haina mafundi wa mbinguni. Wakala akikwambia ukweli, atawapigia simu walewale wa Ngamiani na Makorora unaowafahamu. Badala yake chagua watatu: wa viyoyozi na friji, wa umeme, wa mabomba. Waambie mbele ya shahidi kwamba kazi zote za nyumba hiyo ni zao, mradi wakija watoe risiti, waandike wafanyacho, na spea ya zamani wakuachie mkononi. Kuachiwa spea ya zamani kunapunguza uongo mwingi. Fundi mwenye uhakika wa sevisi tatu kwa mwaka huja upesi kwako kuliko kwa asiyemjua.

Kuhusu sheria, maana nilikuahidi. Kampuni inayochukua ada na kuahidi kulipa jambo lisilo na uhakika likitokea imeikaribia sana bima, na biashara ya bima Tanzania iko chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa Sheria ya Bima ya 2009. Mwulize wakala, kwa maandishi, kama mpango wao umesajiliwa TIRA au nyuma yao yuko mtoaji bima aliyesajiliwa. Akisema ni huduma tu na si bima, sawa, basi mkataba wake ni mkataba wa mlaji, na FCC, Tume ya Ushindani, ina mamlaka juu ya mikataba inayoandaliwa na upande mmoja mteja akaletewa asaini tu. Mwombe akuonyeshe kama umepita huko. Anayeshindwa kujibu maswali haya mawili usimpe fedha za mwaka mzima mkononi. Bima ya kweli ina faida nyingine: ukikataliwa dai kwa hila, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huduma yake ni kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa mkataba wa huduma utaenda mahakamani kama mdai mwingine yeyote.

Bima ya nyumba yenyewe ndiyo ningependa uwe nayo, na katika karatasi zako sikuiona. Moto, radi, dhoruba, mafuriko, wizi wa kuvunja. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilitukumbusha kwamba pwani yetu nayo imo. Wakati wa kukata bima watakuuliza thamani ya nyumba. Usitaje bei ambayo ungeiuza, wala usiingize kiwanja, kiwanja hakiungui. Taja gharama ya kuijenga upya leo, pamoja na kubomoa na kuzoa kifusi. Na usiipunguze ili ulipe kidogo. Nyumba ya kujengwa upya kwa Sh milioni 120 ukiikatia bima ya milioni 60, jiko likiungua kwa hasara ya milioni 20, wanakulipa milioni 10, kwa kuwa uliikatia nusu. Watu hupiga kelele sana siku hiyo, na mkataba unakuwa uko upande wa kampuni. Makadirio ya kujenga upya kwa nyumba ya vyumba vinne ni kazi ndogo kwa mkadiriaji majenzi.

Sasa zile 780,000 za mwanao. Mwombe azitume hivyo hivyo, usimvunje moyo. Sevisi ya viyoyozi ifanye mara tatu kwa mwaka badala ya mara moja. Kwa bei unayolipa ya 40,000 kwa mashine, ni 240,000. Moja iwe Novemba, kabla kaskazi haijaanza na joto lake. Zinabaki 540,000, sawa na 45,000 kila mwezi, ziende SACCOS yenu ya walimu au akaunti ambayo kadi yake huna. Kwenye simu au kabatini zitaishia kwenye harusi, na Tanga harusi haziishi. Mwaka wa kwanza zitoke humo kilinda friji, stabilaiza, kipimo cha arthi, na swichi ya boya ya simtanki la chini ili mota izime yenyewe maji yakikauka. Hiyo swichi ni kitu kidogo, na ndiyo ingeiokoa mota yako 2022. Kwa matumizi ya daftari lako, ukitoa sevisi unatumia wastani wa kama 412,000 kwa mwaka, paa likiwemo. Akiba itatosha, na kila mwaka itabaki chenji kwa ajili ya friji, ambayo nayo umri wake unakaribia.

Kiyoyozi cha chumba cha wageni umeandika kina "vumbi jeupe nyuma". Hilo si vumbi. Kioshe wiki hii.

Wakala akirudi mwisho wa mwezi, mpe chai, halafu mwombe mambo matatu: 7(b) na 7(d) zifutwe, orodha ya hali ya vifaa isainiwe na pande zote siku ya kwanza, na kikomo cha vipuri kipande angalau hadi bei ya kompresa moja kwa tukio. Akikubali yote kwa maandishi, nitumie mkataba mpya niusome. Hapo hata 780,000 nitaisikiliza.